Benchi Linalofunguka

Benchi la baba mdogo lilikatwa kwa msumeno wake mwenyewe. Alikuwa amelijenga ndani ya chumba alichopanga jijini Mbeya, mninga mtupu, misumari ya inchi sita, na lilipokamilika lilikuwa pana kuliko mlango. Hilo halikumsumbua. Hakuwa na mpango wa kuhama. Kisha mwenye nyumba akakihitaji chumba chake, akatoa notisi ya mwezi mmoja. Siku ya mwisho tulililaza ubavu, tukalisimamisha, tukang'oa hata fremu ya mlango. Jioni baba mdogo akachukua msumeno, akakata miguu yote minne. Kule Uyole alikohamia, kilichobaki kikawa ubao wa kukalia wateja, naye akapiga randa sakafuni kwa miezi mingi, goti moja chini, ubao ukiegemezwa ukutani.

Nililikumbuka benchi lile miaka mingi baadaye, nilipokutana na habari za meza moja ya seremala ambayo mafundi wa Marekani huiita benchi la Kimoraviani. Jina lilinishtua. Mimi nimebatizwa Moraviani, kama nusu ya watoto wa mtaa wetu, na kwetu neno hilo lilimaanisha kwaya, matarumbeta, na mwana-kondoo aliyebeba bendera. Sikuwahi kulihusisha na useremala.

Benchi lenyewe ni rahisi kulieleza. Lina fremu mbili za miguu, moja kila upande, na miguu imetanuka kidogo kuelekea chini. Fremu hizo zimeungwa moja kwa moja na hazifunguliwi. Kinachoziunganisha ni mbao mbili ndefu. Kila ubao una ulimi kwenye ncha zake. Ulimi unapenya tundu la fremu hadi unatokeza upande wa pili, na sehemu iliyotokeza ina tundu dogo la kupigilia kabari. Kabari ikizama, inauvuta ubao na kuubana kwenye mguu. Juu yake unakaa ubao mnene, umeshikwa na vijiti vya mti vilivyozama kwenye fremu, na nyuma kuna kihori cha kuwekea zana. Hakuna msumari wala gundi kwenye viungo vya kufunguliwa. Ukitaka kuhama, unagonga kabari nne zitoke, na benchi linakuwa furushi la mbao ambalo watu wawili wanaweza kulipakia.

Aliyewahi kupiga randa anajua ugumu uko wapi. Randa husukuma kwa urefu wa meza, mara mamia kwa siku, na msukumo huo ndio unaolegeza misumari. Kabari ina tabia nyingine. Mbao zikikauka na kusinyaa, hutafuti msumari mpya. Unagonga kabari mara moja na kiungo kinabana tena. Kwa hiyo kitu kilichotengenezwa kifunguke kinaweza kudumu imara kuliko kilichopigiliwa kisifunguke kamwe.

Si kila seremala wa Ulaya alihitaji benchi la namna hiyo. André Roubo, seremala wa Paris aliyechapisha kitabu kikubwa cha kazi yake kati ya 1769 na 1775, alichora benchi ambalo miguu yake inaingia moja kwa moja ndani ya ubao mmoja mzito wa juu. Ni benchi la mtu mwenye karakana, mwenye mji, mwenye uhakika wa kesho. La Kimoraviani lilitumiwa na watu wa historia nyingine.

Kanisa la Moraviani lilitokana na wafuasi wa Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415. Jumuiya yao ilianza mwaka 1457 katika nchi za Bohemia na Moravia, ambazo leo ni Jamhuri ya Cheki. Baada ya vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620, watawala Wakatoliki waliwapa Waprotestanti njia mbili: kubadili imani au kuondoka. Wengine waliondoka. Wengine walibaki wakisali kwa siri kwa miaka mia moja.

Aliyewatoa watu hao wa siri alikuwa seremala. Christian David alikuwa mchungaji wa kondoo utotoni, akajifunza ufundi, kisha akawa anavuka mpaka kurudi Moravia kuongoza familia usiku. Kundi la kwanza, mwaka 1722, lilikuwa la akina Neisser, mafundi wa kutengeneza visu. Waliacha nyumba na karibu kila kitu. Kabaila mmoja wa Saxony, Nikolaus Zinzendorf, aliwapa nafasi kwenye ardhi yake, na tarehe 17 Juni 1722 Christian David akaangusha mti wa kwanza wa kijiji kilichoitwa Herrnhut. Inasimuliwa kwamba akiwa na shoka mkononi aliitaja Zaburi ya 84, ile inayosema hata shomoro ameona nyumba.

Miaka kumi baadaye kijiji hicho kilianza kutuma watu ng'ambo, na wengi wa waliotumwa walikuwa mafundi wa mikono. Mwaka 1732 walikwenda wawili hadi kisiwa cha St. Thomas katika Karibea, kuhubiri kwa Waafrika waliokuwa watumwa huko: Leonard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Ufinyanzi wa Dober haukupata kazi. Waliishi kwa mikono ya Nitschmann.

Mwaka 1753 kundi jingine, wanaume kumi na watano, liliondoka Bethlehem huko Pennsylvania kwenda North Carolina, ambako kanisa lilikuwa limenunua karibu ekari 99,000. Safari ilichukua wiki sita hivi. Shajara yao inasimulia barabara mbovu, na vilima ambapo ilibidi wapakue mizigo ndipo gari lipande. Walianzisha Bethabara, na mwaka 1766 wakaanza kuujenga mji wa Salem. Ni huko Salem ambako benchi linalofunguka limehifadhiwa, na mafundi wa leo wamelipima na kulinakili.

Hapo ningeweza kumaliza, na hadithi ingekuwa tamu: wakimbizi maskini, imani, kabari nne. Lakini Salem ina upande wa pili. Mwaka 1769 viongozi wa eneo hilo walinunua, kwa ajili ya kanisa, Mwafrika aliyeitwa Sam. Alibatizwa na kupewa jina Johann Samuel, akabaki mali ya kanisa. Huko St. Thomas pia misheni ilikuwa na shamba na watumwa wake. Watu ambao mababu zao walitoka usiku bila kitu, wakawa wamiliki wa watu waliovushwa bahari bila kitu. Mwaka 1861 kanisa la matofali la St. Philips lilijengwa Salem kwa ajili ya waumini Weusi, na ni humo, tarehe 21 Mei 1865, walikotangaziwa kwamba wako huru.

Nimelifikiria sana hilo nikitazama michoro ya benchi. Kuhama na zana zako ni jambo moja. Kuhamishwa, wewe mwenyewe ukiwa umehesabiwa kama zana, ni jambo jingine kabisa. Benchi linalofunguka linamfaa mtu anayeruhusiwa kufunga mizigo.

Kisha historia hiyo ilifika kwetu. Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani wa Moraviani, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, walifika Rungwe kwa njia ya Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa. Katika njia hiyo kufungua vitu vipande vipande kulikuwa sharti. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu kilo 30, na kisichogawanyika hakikufika. Mwaka 1875 meli Ilala ya misheni ya Waskoti ilifunguliwa chini ya maporomoko ya Shire, ikabebwa na mamia ya wapagazi, ikaungwa upya juu yake na kuingia ziwani. Vitabu hutaja jina la meli. Majina ya waliobeba hayatajwi.

Rungwe kukawa na kanisa, shule na kazi za mikono, useremala ukiwemo. Mwaka 1898 Wamoraviani walichukua pia kituo cha Urambo kutoka kwa misheni ya London. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika huku mwaka 1916, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa, nao waliporudi katika miaka ya 1920 walikuta waumini wapo. Walimu na wazee wa hapa walikuwa wamelishikilia kanisa. Leo Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye Wamoraviani wengi zaidi duniani, wengi kupita huko Ulaya lilikoanzia.

Mwaka jana nilimpelekea baba mdogo mchoro wa benchi hilo. Bado amepanga, bado ni Uyole, ingawa chumba ni cha tatu sasa. Nilianza kumweleza habari za Herrnhut na yule seremala aliyevusha watu usiku. Alisikiliza kwa adabu, kidole chake kikitembea juu ya karatasi hadi kwenye kiungo.

"Hii kabari," akasema, "wanatumia mti gani?"

Nikamwambia mti mgumu wowote, ilimradi umekauka.

"Mninga utapasuka hapa ulimi ukiwa mwembamba. Lazima uache nyama nyuma ya tundu." Akageuza karatasi juu chini, akaitazama tena. "Na huyu aliyechora, mwanangu, alikuwa amepanga?"

Nilimwambia kwamba kwa namna fulani, ndiyo. Akacheka, akachukua penseli nyuma ya sikio, akaenda kupima mlango kabla ya kitu kingine chochote.