Ndege zisizo na rubani: Gharama kubwa iko ardhini

BEI ya ndege ndogo zisizo na rubani, maarufu kama droni, imeshuka kiasi kwamba hata mpiga picha za harusi mjini anaweza kumiliki moja. Gharama ya kuziwezesha kuruka katika anga moja na ndege za abiria bila kuhatarisha maisha ya watu ni suala jingine.

Tatizo la kwanza ni kuonekana. Rada za kiraia zilibuniwa kufuatilia ndege kubwa, na nyingi hutegemea kifaa kilichomo ndani ya ndege kinachojibu mawimbi ya rada na kuitambulisha. Droni nyingi hazina kifaa hicho. Aidha, huruka chini, nyuma ya majengo na vilima, ambako mawimbi ya rada hayafiki.

Mwaka 2017, Tanzania ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa ili kufunga rada nne Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Mradi huo ulilenga kuboresha uongozaji wa ndege za kawaida. Kuzifuatilia droni kunahitaji mitambo mingine.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Oktoba 2017, droni iligonga bawa la ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua katika jiji la Quebec, Canada. Watu wote wanane waliokuwamo walinusurika. Desemba 2018, taarifa za kuonekana kwa droni katika Uwanja wa Ndege wa Gatwick, Uingereza, zilivuruga safari zipatazo 1,000 na kuathiri abiria takriban 140,000. Januari 2025, droni ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto mjini Los Angeles, Marekani, na ndege hiyo ikalazimika kusitisha kazi wakati moto ukiendelea kuteketeza nyumba.

Uwekezaji unaohitajika umegawanyika katika sehemu tatu. Kwanza ni utambulisho. Nchini Marekani, droni zinazotakiwa kusajiliwa hulazimika kutangaza kwa mawimbi namba yake na mahali ilipo, na sharti hilo lilianza kusimamiwa kikamilifu Machi 2024. Pili ni vipokezi vya kunasa mawimbi hayo, kwa kuwa hayasafiri mbali. Tatu ni mfumo wa kompyuta unaopokea maombi ya safari, kutoa idhini na kuwaarifu warushaji kuhusu ndege zilizo jirani, pamoja na wataalamu wa kuusimamia.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Kanuni zake zilizoanza kutumika Januari 2023 zinaruhusu kutengwa kwa maeneo ya anga yenye huduma hizo. Ndege zenye rubani zinazoingia humo bila kuongozwa na waongoza ndege nazo hutakiwa kujitangaza kielektroniki. Kwa maneno mengine, mzigo wa gharama haumwangukii mwenye droni peke yake.

Rwanda inaonyesha faida inayoweza kupatikana. Tangu Oktoba 2016, droni za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali za mbali zikitokea Muhanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulibaini kuwa damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Hata hivyo, huduma hiyo inaendeshwa na kampuni inayofahamika na mamlaka. Kusimamia warushaji wengi wasiofahamiana ni kazi nzito zaidi.

Swali linalobaki ni nani alipe. Kwa desturi, huduma za kuongoza ndege hugharamiwa na tozo za mashirika ya ndege. Mashirika hayo yakibebeshwa mzigo wa droni, nauli ya abiria itapanda. Wakibebeshwa warushaji wadogo, wengi watashindwa au watarusha kwa kificho, jambo ambalo ni hatari zaidi. Serikali ikilipa peke yake, fedha hizo zitagombewa na sekta za afya, elimu na barabara.

Nchi itakayoahirisha uamuzi huo itabaki na njia mbili: kuzifungia droni nje ya anga yake pamoja na manufaa yake, au kuziacha ziruke bila kuonekana hadi ajali itakapotokea.