Moto wa Kutibu Kansa: Kutoka Bonn Hadi Mahongole

Kila baada ya muda huwa inazunguka kwenye simu zetu habari kwamba wazungu wamepata dawa ya kansa. Siku hizi habari yenyewe ni ya chembe za nano: vitu vidogo kiasi kwamba maelfu yake ukivipanga mstari havifikii upana wa unywele. Vinaingizwa ndani ya uvimbe, vinapashwa moto, kansa kwisha! Tunatumiana, tunashangilia, kesho tunasahau.

Niliamua kufuatilia jambo hili lilikotoka. Na nilikuwa na swali moja: mama wa Mahongole, pale Makambako, linamhusu nini?

Kwanza, moto si jambo jipya. Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, waliandika kwenye mafunjo namna ya kuchoma uvimbe wa ziwa. Mwaka 1866 daktari mpasuaji wa Bonn, Ujerumani, Wilhelm Busch, alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa na uvimbe usoni. Mgonjwa huyo alipata maambukizi ya ngozi, akashikwa na homa kali, na uvimbe ukanywea. Miaka ya 1890 William Coley wa New York akaenda mbali zaidi: akawa anawachoma wagonjwa sindano za bakteria makusudi ili wapate homa. Wengine walipona, wengine homa iliwamaliza.

Kwa nini joto? Mishipa ya damu ndani ya uvimbe imekaa shaghalabaghala, hivyo uvimbe haupoi haraka kama nyama yenye afya. Ukifikishwa nyuzi 42 au 43 za Selsiasi, seli zake zinalegea, na mionzi inazipiga vizuri zaidi. Tatizo ni kulenga. Ni sawa na kutaka kuchoma hindi moja lililo katikati ya gunia bila kuyagusa mengine.

Hapo ndipo chembe za nano zilipoingia. Mwaka 1957 huko Chicago, daktari Gilchrist na wenzake walipenyeza chembe za oksaidi ya chuma kwenye tezi za mbwa, kisha wakawasha sumaku inayogeuka-geuka kwa kasi. Chembe zikapata moto, tezi zikapata moto, sehemu nyingine za mwili zikabaki salama. Miaka ya 1990 Andreas Jordan wa Berlin akaliendeleza wazo hilo, na mwaka 2010 Ulaya ikaruhusu tiba hiyo kwa uvimbe wa ubongo. Lakini mashine ni ghali, na ni hospitali chache mno zilizowahi kuwa nayo. Mwaka 2022 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza, MagForce, ikafilisika.

Basi hadithi imeishia hapo? Hapana. Kuna njia ya pili ya moto ambayo haina mbwembwe, na hiyo ndiyo iliyofika huku kwetu.

Mwaka 1966 Mjerumani mwingine, Kurt Semm, alibuni kifaa chenye ncha ya chuma inayopata joto la nyuzi 100 hivi. Kinagusishwa kwenye mlango wa kizazi kwa chini ya dakika moja, na seli zilizoanza kuharibika zinakufa kabla hazijawa kansa. Waskoti walikitumia miaka mingi. Mwaka 2013 madaktari kutoka Edinburgh wakakipeleka Malawi, hospitali ya Nkhoma. Malawi si mbali: ukiwa Njombe ni kuvuka Ziwa Nyasa tu. Baadaye vikaja vya kushika mkononi, vinavyotumia betri, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuvitumia. Vimeingia Tanzania pia.

Tuelewane hapa. Kifaa hiki hakitibu kansa iliyokwisha kukomaa. Kinaizuia isizaliwe.

Kabla yake tulitegemea baridi. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya Iringa, Njombe na Morogoro ilikuwa na mpango uliosaidiwa na Jhpiego: mwanamke anapakwa siki, sehemu ikigeuka nyeupe anagandishwa siku hiyohiyo. Katika miaka michache wanawake zaidi ya 20,000 walipimwa. Lakini kugandisha kunahitaji mitungi ya gesi, mizito na ya gharama, na mtungi ukiisha mama anaambiwa arudi siku nyingine. Wangapi hurudi? Betri, angalau, unaweza kuichaji.

Kwa nini Njombe hasa? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-23 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani humo ni asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati kitaifa ni asilimia 4.4. Na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata kansa ya mlango wa kizazi. Mwaka 2020 pekee ugonjwa huu ulikadiriwa kuua zaidi ya Watanzania 6,500. Akichelewa, mama wa Mahongole anapewa rufaa ya mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 600. Nauli, malazi, mtu wa kumsindikiza, shamba linabaki na nani? Wengi hufika kansa ikiwa imeshasambaa.

Mimi sipingi chembe za nano. Wanaozitafiti waendelee, huenda wajukuu wetu wakafaidi. Ninachosema ni kwamba tunasubiri muujiza kutoka maabara za mbali wakati kinga ya kansa inayoua wanawake wengi kuliko zote nchini inaingia kwenye mkoba. Wasichana wana chanjo tangu mwaka 2018. Mama zao wana siki na kifaa cha betri. Kinachobaki ni swali la kuwauliza madiwani na wabunge wetu: katika zahanati ya kata yako, kifaa kipo? Kuna muuguzi aliyefundishwa kukitumia?

Na wewe uliyeko mjini, kabla ya kutuma tena ile habari ya dawa ya kansa, mpigie simu mama au shangazi yako kijijini. Muulize kama amewahi kupimwa.