Kuhesabu Pumzi za Mtoto Kulianzia Wapi?

Ukimleta kliniki mtoto mwenye kikohozi, utamwona muuguzi akimfunua kifua, anatazama saa, na kwa dakika nzima hasemi neno. Wengine hudhani anapoteza wakati. Kumbe anahesabu pumzi. Leo nitakusimulia jinsi matabibu walivyojifunza kumchunga mtu anayeshindwa kupumua. Kisa chenyewe kinaanzia mbali, nchini Denmark.

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulipatwa na mlipuko wa polio. Sisi tunaijua polio kwa kulemaza miguu, lakini huweza kupooza hata misuli ya kuvuta pumzi na ya kumeza. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine moja tu kubwa ya kupumulia, lile pipa la chuma ambalo mgonjwa hulazwa ndani na kichwa kikabaki nje, pamoja na ndogo sita za kufungwa kifuani. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa kwenye mashine hizo, 27 walikufa.

Walipewa oksijeni, midomo haikugeuka samawati, na bado walikufa. Vipimo vya damu vilikuwepo, ila madaktari walivisoma vingine. Ndipo akaitwa Bjørn Ibsen, daktari wa kulaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji. Akasema hii ni hewa chafu, kaboni dioksidi, imekwama mwilini kwa sababu kifua hakina nguvu ya kuisukuma nje.

Tarehe 27 Agosti alikabidhiwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kukata roho. Alitobolewa shingo, bomba likaingizwa kwenye njia ya hewa, na Ibsen akaanza kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Msichana akahangaika, hewa ikakataa kuingia. Ibsen akamdunga dawa ya usingizi, akatulia, mapafu yakajaa. Kisha akawaonyesha wenzake: akirudishwa kwenye mashine, hewa chafu inapanda, mfuko ukiminywa, inashuka. Hapo hakuna aliyebisha tena.

Sasa nani ataminya mifuko hiyo usiku na mchana? Waliitwa wanafunzi wa udaktari na wa meno. Karibu 1,500 walipokezana zamu, jumla ya saa 165,000. Hebu fikiria kijana ameketi kando ya kitanda, anampumulia kwa mkono mtoto asiye wake, akimtazama uso ajue kama hewa inatosha, maana mwenye bomba shingoni hawezi kusema. Wengine walifiwa na mgonjwa huku mfuko ungali mkononi. Lakini wale waliokuwa wakifa karibu wote, sasa zaidi ya nusu walipona. Mwaka 1953 Ibsen akaanzisha wodi ya wagonjwa mahututi, ya mwanzo ya aina yake.

Kutoboa mshipa kila mara ili kupima damu ni taabu, hasa kwa mtoto. Mwaka 1974 Takuo Aoyagi wa Japani alitangaza njia ya kupima oksijeni kwa kupitisha mwanga kwenye mwili. Ndiyo kile kibanio cha kidoleni. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90, mtoto huwekewa hewa hiyo. Hata hivyo kibanio hakipimi hewa chafu. Tena utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kwa hivyo usishangae muuguzi akisoma nambari kisha akarudi kumtazama mtoto mwenyewe.

Na pasipo kibanio wala eksirei? Goroka, huko Papua New Guinea, nimonia iliua watoto wengi. Daktari Frank Shann na wenzake waliwachunguza watoto wenye kikohozi, na mwaka 1984 wakachapisha kwamba kupumua haraka, zaidi ya mara 50 kwa dakika, ni dalili nzuri ya kumtambua mwenye nimonia. Shirika la Afya Duniani likaifuata njia hiyo.

Hata wewe nyumbani unaweza. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo, hesabu kila kifua kinapopanda, dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2, hatari ni pumzi 60 au zaidi. Wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi miaka 5, 40 au zaidi. Akifikia hapo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, anaguna, hawezi kunyonya, amelegea au midomo imegeuka samawati, usihesabu. Mbebe uende hospitali, hata kama ni usiku.