Zombi Kabla ya Kula Watu

Nilifundisha biolojia sekondari hadi nilipostaafu, kwa hiyo nyumbani kwangu mimi ndiye mahakama ya rufaa kila tamthilia ya mazombi inapowashwa. "Babu, hii inawezekana?" Wajukuu hawana swali jingine.

Maiti hatembei. Msuli unahitaji nishati ili ukaze, na unaihitaji tena ili ulegee. Moyo ukisimama oksijeni haifiki, nishati inaisha, na baada ya saa chache mwili unakakamaa. Aliyewahi kuosha maiti analijua hilo bila kufundishwa nami. Watunzi wa tamthilia wanalijua pia, ndiyo maana siku hizi zombi wao mara nyingi si maiti bali mgonjwa. The Last of Us, iliyoanza kuonyeshwa Januari 2023, imekopa fangasi wa kweli aitwaye Ophiocordyceps. Huyu huingia mwilini mwa sisimizi wa msituni, humfanya apande mmea, ang'ate mshipa wa jani na kufia hapo hapo, kisha kikonyo cha fangasi huchomoza nyuma ya kichwa chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa fangasi huyo huizunguka misuli ya mwili mzima lakini ubongo hauingilii, jambo ambalo mimi naliona linatisha kuliko tamthilia yenyewe. Kwa binadamu angekwama kwenye joto: fangasi wengi hawahimili nyuzi 37 za mwili wetu. Tamthilia haikulificha hilo. Inafungua na mwanasayansi wa mwaka 1968 akilieleza kwenye kipindi cha televisheni, kisha akiuliza itakuwaje dunia ikizidi kuwa na joto. Aliyeandika pale alisoma kwanza.

Kinachokaribia zaidi ni kichaa cha mbwa. Virusi wake hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni, hushuka kwenye tezi za mate, na humtia mnyama hamu ya kung'ata. Lakini ukiosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ukawahi chanjo, umepona. Tamthilia ya namna hiyo, ikichezwa kwenye zahanati yenye dawa, ingeisha kabla ya tangazo la kwanza la biashara.

Wajukuu hapo huridhika. Mimi ndipo ninapoanza, maana zombi wa asili hakuwahi kumng'ata mtu. Alikuwa analima miwa.

Kwao ni Haiti, zamani Saint-Domingue, koloni lililoitajirisha Ufaransa kwa sukari na kahawa zilizozalishwa na watumwa. Wengi walitoka Kongo na Afrika Magharibi, na wapo waliotoka upande wetu wa bahari: meli za Kifaransa zilipakia mateka Msumbiji na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Karibi. Wengi wao waliamini kwamba roho ya aliyekufa hurudi Ginen, Afrika ya mababu. Kifo kilikuwa safari ya kurudi nyumbani. Mwaka 1791 waliasi, na mwaka 1804 wakatangaza nchi huru. Sasa fikiria watu hao na wajukuu zao wangeogopa nini kuliko vyote. Si kufa. Ni kufa, halafu ukafukuliwa na mtu mwenye shamba, ukapewa jembe, usipate hata ile njia ya kurudi kwa wazee.

Hofu hiyo ilipata chakula kipya Marekani ilipoikalia Haiti kijeshi, kuanzia 1915 hadi 1934. Wanajeshi walifufua sheria ya zamani ya kazi ya lazima na kuwachukua wanavijiji kutengeneza barabara, wengine wakiwa wamefungwa kamba. Ndani ya miaka hiyo alifika Mmarekani mmoja, William Seabrook, mwandishi mpenda vioja, akachapisha kitabu chake cha Haiti mwaka 1929. Kisa maarufu humo alisimuliwa na mwenyeji. Mwaka 1918 kampuni ya sukari ya Kimarekani ilikuwa ikitafuta vibarua. Mzee mmoja akaleta kundi la watu wenye macho yaliyopoa, akawaandikisha kama watu wa milimani. Walikata miwa kutwa, na ujira ukaingia mfukoni mwa mzee. Chakula chao kilikuwa uji usio na chumvi, kwa kuwa zombi akionja chumvi hukumbuka kuwa amekufa. Siku ya sikukuu mke wa mzee akawahurumia, akawanunulia vitafunwa vitamu asijue kuwa mna chumvi ndani. Walipotafuna, wakapiga ukelele, wakageuka, wakatembea moja kwa moja hadi makaburini kwao, wakafukua udongo kwa mikono.

Seabrook alipenda ushetani wa kisa hicho. Mimi napenda ile orodha ya vibarua. Kuna kampuni, kuna mnyapara, kuna mshahara unaoliwa na mtu mwingine. Msomaji wa huku hahitaji mkalimani: msukule wetu naye hulima usiku shamba la tajiri, amekatwa ulimi, anakula pumba. Siamini misukule. Naamini kwamba waliotusimulia walijua vizuri wanamsema nani.

Filamu ilifuata upesi. White Zombie ya mwaka 1932 bado ina kiwanda cha sukari kinachoendeshwa na wafu, na kazi haisimami hata mmoja wao anapodondokea kwenye mashine.

Sayansi ilichelewa. Mwaka 1980, katika soko la L'Estère, mwanamume alimwendea Angelina Narcisse akajitambulisha kwa jina la utotoni la kaka yake Clairvius. Clairvius alikuwa ameandikwa marehemu katika hospitali ya Deschapelles mwaka 1962. Mtu huyo alisema alisikia kila kitu, hata dada akilia. Kwamba alifukuliwa, akapigwa, akapelekwa shamba la miwa kaskazini. Chanzo, alisema, ni ugomvi wa ardhi na kaka yake. Mwaka 1982 Wade Davis wa Harvard alikwenda kutafuta unga wa wachawi uliosemekana kugeuza watu mazombi, na katika baadhi ya sampuli alikuta mabaki ya samaki bunju.

Hapo ndipo marehemu baba yangu, mvuvi wa Tanga, angecheka. Bunju akinaswa wavuni hutupwa, na mtoto akimgusa anafokewa. Sumu yake huziba njia za sodiamu kwenye mishipa ya fahamu: midomo inakufa ganzi, ulimi unafuata, kisha viungo, mwishoni pumzi, na mgonjwa anaweza kubaki na akili timamu muda huo wote. Kwa hiyo kudhaniwa umekufa kwa bunju si hadithi. Lakini anayevuka siku moja kwa kawaida hupona na kurudi kwenye shughuli zake. Sumu hiyo haimfanyi mtu mtiifu kwa miaka. Davis alijaza pengo hilo kwa mnanaha, mmea wa kupumbaza, na kwa nguvu ya imani. Wataalamu wa sumu walipozipima sampuli, walikuta sumu ya bunju kidogo mno hata kuwa na maana, na wakagombana naye kwa ukali.

Mwaka 1997 Roland Littlewood na Chavannes Douyon waliripoti uchunguzi wa watu watatu walioitwa mazombi. Walikuta maradhi ya akili na ubongo ulioathirika, na vipimo vya vinasaba kwa wawili kati yao vilionyesha kuwa hawakuwa ndugu wa familia zilizowatambua. Familia zilizofiwa zilikuwa zimemwona mgonjwa anayezurura, zikamwita kwa jina la marehemu wao, zikamchukua nyumbani.

Televisheni haikurithi lolote kati ya hayo. Mwaka 1968 George Romero alitengeneza filamu ya wafu wanaokula watu, ambao ndani yake hawaitwi hata mazombi, na watazamaji wakalibandika jina la Haiti juu ya viumbe wasio na shamba wala bwana. The Walking Dead, kuanzia 2010 hadi 2022, ilifuata njia hiyo. Mara moja tu niliona kitu cha zamani kikichungulia: mhusika Michonne anatokea akiwakokota wafu wawili kwa minyororo, amewakata mikono na taya, akiwatumia ili wafu wengine wasimnuse. Nikasogeza kiti. Mapema katika msimu wa tatu akawakata vichwa, na hadithi ikarudi kwenye kukimbia.