Steringi Hafi: Jinsi Kifo Kilivyoishiwa Nguvu Kwenye Tamthilia za Mizimu na Mashujaa

Angalizo: kama hujamaliza Buffy, Supernatural, Heroes, Arrow au WandaVision, humu mambo yote yamewekwa wazi.

Kila aliyepita vibanda umiza anaijua hii sheria: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, gari lilipuke, atarudi tu. Kwenye filamu ya saa moja na nusu hakuna anayelalamika. Ishu inaanza pale stori inapovutwa miaka kumi na ushee, halafu asiyekufa si steringi peke yake, ni mpaka adui, mdogo mtu na mpenzi wa zamani. Hapo kifo kinakuwa kama mafua. Mtu anapotea wiki mbili, anarudi kazini.

Mchezo huu TV iliukuta tayari. Mwaka 1992 kampuni ya DC ilimuua Superman kwenye vitabu vya katuni. Habari ikawa kubwa Marekani, nakala zikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 1993 jamaa akarudi. Wenye biashara wakaelewa somo: kifo kinauza, na kufufuka nako kunauza.

Ila kuna wakati waandishi wa TV walikuwa wanajua kudai bei. Chukua Buffy the Vampire Slayer, iliyoanza kuruka 1997. Msimu wa tano, mwaka 2001, mama yake Buffy anafariki. Hakuuawa na vampaya wala pepo, ni maradhi ya kawaida tu ya kichwa. Episodi ile haina muziki wa chinichini kabisa, unabaki na ukimya wa nyumba yenye msiba. Baadaye mdogo wake Buffy anajaribu uchawi wa kumrudisha mama, halafu anauvunja mwenyewe dakika ya mwisho. Aliyekufa kafa.

Miezi michache mbele, kwenye episodi ya 100, Buffy mwenyewe anajitoa mhanga. Tamthilia ikahama chaneli, kutoka The WB kwenda UPN, na bila shaka steringi ilibidi arudi. Rafiki zake wanamfufua wakiamini yuko motoni anateseka. Kumbe alikuwa amepumzika kwa amani, wao ndio wamemtoa peponi. Msimu mzima wa sita anatembea na hilo jeraha. Kafufuka, sawa, lakini kalipa.

Supernatural ilianza 2005 kwa akili hiyohiyo. Mwisho wa msimu wa pili Sam anauawa, na kaka yake Dean anauza roho yake kwa pepo wa njia panda ili mdogo wake arudi. Anapewa mwaka mmoja tu. Mwaka unaisha, na Dean anaenda motoni kweli. Malaika anamtoa msimu wa nne, lakini harudi mzima. Duniani ilipita miezi minne, kwake ilikuwa miaka arobaini, na huko alifika hatua ya kuwatesa wenzake. Hiyo ni stori ya ndugu wawili wasiojua kuachana, na kila wakishindwa kuachana kuna anayeumia.

Mtunzi aliyeianzisha alikuwa na mpango wa misimu mitano. Mwaka 2010 Sam anajirusha shimoni na shetani ndani yake, stori inafunga vizuri kabisa. Kisha mtunzi akaachia usukani, tamthilia ikaendelea miaka kumi mingine hadi kufika misimu 15 na episodi 327. Kufa na kurudi kukawa ratiba. Mpaka wahusika wenyewe wakaanza kulifanyia utani.

Heroes ndiyo iliyoumiza zaidi, kwa sababu ilianza moto. Mwaka 2006 kila mtu alikuwa anaizungumzia. Mwisho wa msimu wa kwanza, Sylar, muuaji aliyekuwa anafungua watu vichwa, anachomwa upanga. Pale ndipo angeishia. Lakini mashabiki walimpenda, akabakizwa. Msimu wa pili ikaja damu ya Claire inayofufua watu. Baba yake kapigwa risasi ya jicho, kachomwa sindano ya damu, kaamka. Sasa ukishakuwa na dawa hiyo mezani, mtazamaji aogope nini tena?

Wengi wanasingizia mgomo wa waandishi ulioanza Novemba 2007 na kuisha Februari 2008. Ni kweli ulikata msimu wa pili ukaishia episodi 11. Ila damu ya Claire iliandikwa kabla ya mgomo. Mwaka 2010 tamthilia ikafutwa.

Arrow nayo ilionyesha biashara waziwazi. Oktoba 2014 Sara anauawa kwa mishale, msimu wote watu wanamlilia na kutafuta muuaji. Msimu unaofuata anatumbukizwa kwenye Shimo la Lazaro, kafufuka. Januari 2016 ikaanza Legends of Tomorrow, na Sara yumo. Machozi ya mwaka mzima yakageuka tangazo la tamthilia nyingine.

Kiukweli waandishi hawakuwa wajinga. Msimu wa TV ya Marekani ulidai episodi 22 au 23. Ili tamthilia iuzwe kurudiwa kwenye chaneli nyingine, lengo la kawaida lilikuwa kufikisha kama episodi 100. Sura inayopendwa ni mtaji, na mtaji hauzikwi. Huku Afrika Mashariki wengi walizipata kwenye DVD za mtaani, msimu mzima kwa mkupuo, kwa hiyo mbinu ilikuwa inaonekana haraka. Mmarekani alisubiri wiki, huku mtu alikuwa anamuona marehemu yuleyule jioni ileile.

Deni lilikuja kulipwa Novemba 2020. Kwenye episodi ya mwisho ya Supernatural, Dean anakufa kwa kuchomwa na nondo akipigana na vampaya, na anamuomba mdogo wake asimrudishe. Kwa maana ya stori ni sahihi: hatimaye ndugu wameweza kuachana. Mashabiki waligawanyika vibaya, wengine wakakasirika. Na wasilaumiwe sana. Mtu umemfundisha miaka 15 kwamba kifo ni utani, utamtakaje aamini siku moja tu?

Miezi miwili baadaye, Januari 2021, WandaVision ikaja na episodi tisa. Mpenzi wa Wanda aliuawa kwenye filamu ya 2018, naye anamrudisha kwa nguvu zake. Lakini mji mzima wa watu unafungwa ndani ya ndoto yake, na mwishoni inabidi amuage tena. Tamthilia fupi, na kurudi kwa marehemu kuna bei yake, kama enzi za Buffy.

Kwa hiyo marehemu kurudi siyo dhambi. Swali la kuuliza kila mtu anapofufuka ni moja: nani kalipa? Kama hakuna aliyelipa, basi aliyelipa ni mtazamaji, kwa machozi yake na usingizi wake.

Haya mdau, kifo gani cha kwenye tamthilia kilikuuma, halafu mhusika akarudi ukajiona umechezewa? Funguka hapo chini.