Mkunjo wa bati: ufundi wa Gusii uliofunikwa na jiwe

Wabunifu wa taa wa Ulaya na Japani wamejipatia sifa kubwa kwa kukunja tu. Huko Denmark, familia ya Klint iligeuza vivuli vya taa vya karatasi iliyokunjwa kwa mkono kuwa biashara kamili mwaka 1943, na kampuni ya Le Klint ingali inaviuza. Mwaka 2012 Issey Miyake wa Japani alishirikiana na kampuni ya Artemide ya Italia kutoa taa za IN-EI, ambazo hulala bapa kisha zikafunguka na kusimama bila kiunzi ndani. Kanuni ni moja: kitu chembamba kinacholegea hupata nguvu kikipigwa mikunjo. Huko Kisii na Nyamira, kaunti mbili za Gusii nchini Kenya, kanuni hiyo haijulikani kwa jina la origami, sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, ila imefanya kazi kwa miongo mingi ndani ya koroboi, yaani taa ndogo ya mafuta taa, na sanduku la bati. Nashikilia kwamba vitu hivyo viwili ni ubunifu wa taa na samani kwa maana kamili ya maneno hayo, na kwamba tumevinyima nafasi katika historia ya Gusii kwa sababu vilikuwa vya bei rahisi na kila mtu alikuwa navyo.

Mwanzo wa ufundi huu ni shehena. Kukunja chuma ili kipate nguvu kulikuwa kumeanza mapema: mwaka 1829 Henry Robinson Palmer alisajili London uvumbuzi wa bati la mawimbi, ambalo kwa hakika ni karatasi ya chuma iliyokunjwa ili isipinde. Kwetu, reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, Waingereza wakaweka kituo chao Kisii mwaka 1907, na nyuma yao zikaja bidhaa za madukani, mafuta taa yakiwemo. Mafuta hayo yalisafiri kwenye debe la galoni 4, yaani takriban lita 18. Debe likiisha mafuta lilibaki na thamani yake: likifunguliwa kwenye maungio na kunyooshwa kwa nyundo, lilikuwa karatasi safi ya bati. Baadaye makopo ya mafuta ya kupikia ya Kimbo na Cowboy yalifanya kazi ileile kwa kipimo kidogo. Ujuzi wenyewe ulitoka kwa mafundi wa Kihindi, na Kenneth King wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliufuatilia katika kitabu chake The African Artisan cha 1977, akionyesha jinsi vibarua Waafrika walivyouchukua karakanani na kwenda kuutumia juani, katika kazi iliyokuja kuitwa jua kali. Miaka mitano kabla ya kitabu hicho, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyowakumbusha wakubwa kwamba mafundi hawa wanafanya kazi, hawazururi.

Itazame koroboi kwa karibu. Kopo ndilo tangi. Juu yake hukaa kifuniko chenye mrija mwembamba, ambao ni ukanda wa bati uliozungushwa kwenye msumari, na humo hupita utambi wa pamba. Mkono wake ni ukanda mwingine, lakini kingo zake zimelazwa ndani ili usikate vidole. Mkunjo huohuo ndio unaoufanya mkono usilegee. Sanduku la mwanafunzi wa bweni ni somo gumu zaidi. Fundi huchora kwa msumari juu ya bati lililo bapa, hukata pembe kwa mkasi, kisha huinamisha pande juu ya kipande cha reli anachokitumia kama fuawe. Kwenye maungio, ukingo mmoja hukunjwa kama ndoano, wa pili hukunjwa kuelekea upande wa pili, zikaumana na kupigwa zikalala. Ukingo wa mdomo huviringishwa juu ya waya. Bila mikunjo hiyo bati hilo jembamba lingebonyea kwa kusukumwa na kiganja. Likiwa nayo, mtoto hulikalia akisoma, na sanduku linakuwa kabati, kiti na meza kwa wakati mmoja.

Mpenzi wa origami atasema huo si mkunjo halisi, kwa kuwa sheria kali ya sanaa hiyo inakataza mkasi na gundi, na fundi wetu hutumia mkasi, lehemu na riveti. Ni kweli, lakini sheria hiyo ni ya mchezo wa karatasi. Mhandisi Koryo Miura alipobuni mkunjo wake maarufu mwaka 1970, uliokuja kutumika kwenye paneli za sola za chombo cha angani mwaka 1995, hakuna aliyemnyima heshima kwa sababu paneli ziliungwa kwa bawaba. Wengine watasema ufundi huu ni wa kuazima, tofauti na jiwe la sabuni linalochongwa Tabaka, Gusii. Hoja hii ina uzito zaidi. Tabaka ina mawe yake, ina wachongaji wenye jina kama Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake imewekwa makao makuu ya UNESCO huko Paris, na wageni hununua vinara vya mishumaa vya jiwe hilo. Ila wenyeji walimulika nyumba zao kwa bati. Na kama kuazima kunafuta sifa, basi Wajapani wenyewe waliipata karatasi kutoka China kabla ya kuanza kuikunja.

Pingamizi la tatu silipingi hata kidogo: koroboi ilikuwa taa mbaya. Moshi wake uliumiza vifua, mwanga wake ulichosha macho, na ikianguka iliunguza watu na nyumba. Taa ndogo za sola zilianza kuiondoa, na mradi wa kusambaza umeme vijijini uliozinduliwa mwaka 2015 umeisukuma mbali zaidi. Lakini kosa hilo ni la mafuta na utambi. Mkunjo wenyewe ulihamia kwenye kazi nyingine bila shida: jiko la udongo na bati lililoenea Kenya miaka ya 1980, ambalo wazo lake lilitoka Thailand, lina gamba la bati lenye kiuno chembamba ambalo mafundi wa jua kali walilimudu haraka, maana mikono yao ilikuwa imeshazoea kukata, kukunja na kuumanisha. Sanduku nalo halijaondoka. Kila msimu wa kuingia sekondari unapokaribia, mzazi wa mtoto anayekwenda Kisii School, Nyambaria au Sironga hukuta sanduku la kufuli kwenye orodha ya mahitaji, na kimo chake hakitokani na kitabu chochote cha ubunifu: ni nafasi iliyopo kati ya sakafu ya bweni na chuma cha kitanda cha chini.