Wagunaji na refa aliyefichwa ndani ya kompyuta

Usiku mmoja wa Januari mwaka wa 2002, nikiwa mwanafunzi katika chuo kimoja cha katikati mwa Marekani, niliamka kunywa maji nikamkuta mwenzangu tuliyepanga naye nyumba yuko macho mbele ya kompyuta. Nje theluji ilikuwa imefika magotini. Alikuwa akiandika baruapepe huku amekunja uso, nami nikadhani ameachwa na mchumba. Kumbe bwana yule alikuwa akibishana na mtu wa Ufini kuhusu kifaru. Si kifaru mnyama, bali kifaru cha vita cha Wajerumani kiitwacho Panther, ambacho bamba lake la mbele lilikuwa na unene wa milimita 80 na limelazwa kwa nyuzi 55. Mwenzangu alishikilia kwamba mzinga wa kawaida wa kifaru cha Wamarekani, Sherman, hauwezi kulipenya bamba hilo kutoka mbele. Mfini naye alidai kuwa kufikia mwaka wa 1944 chuma cha Wajerumani kilikuwa kimeshuka ubora na kingeweza kupasuka. Ubishi huo ulikuwa umetimiza wiki tatu.

Nilisoma nikiwa nimesimama nyuma yake. Baada ya aya nne za milimita na nyuzi, barua ilimalizika kwa kuuliza kama mke wa Mfini ameshatoka hospitalini, na kumtumia salamu za kumtakia afueni. Watu hawa wawili hawakuwa wamewahi kuonana ana kwa ana.

Mchezo waliokuwa wakicheza uliitwa Combat Mission: Beyond Overlord, uliotoka mwaka wa 2000. Unahusu mapigano ya Ulaya Magharibi kuanzia kutua kwa majeshi ya muungano Normandy, Juni 1944. Kila mchezaji hutoa amri kwa askari wake bila kujua mwenzake ameamuru nini. Kisha kompyuta huendesha amri za pande zote kwa pamoja kwa muda wa sekunde 60, nao wachezaji hukaa tu na kutazama yanayowafika, mikono mitupu. Dakika hiyo ikiisha, wanaamuru tena. Faili hutumwa kwa baruapepe, kwa hivyo pambano la nusu saa huweza kuchukua miezi. Na kila faili, kama nilivyojionea usiku ule, hufuatana na barua.

Mashabiki wa uraibu huu wana jina lao la utani lililotoka Ufaransa. Wanaitwa grognard. Ni neno walilopewa askari wakongwe wa kikosi cha walinzi wa Napoleon, watu waliopigana miaka mingi kiasi kwamba walijipa ruhusa ya kunung'unikia kila kitu, hata mbele ya mfalme wao. Kiini chake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukoroma kama nguruwe asiyeridhika. Mashabiki wa michezo ya vita wa Marekani walilichukua miaka ya 1970 kumwita mtu asiyesamehe kosa hata dogo la kihistoria. Nimetafuta neno la Kiswahili la kumfaa mtu huyu, na sidhani kuna haja ya kwenda mbali. Tunalo kuguna, ile sauti ya kooni ya mtu asiyekubali wala asiyeondoka. Basi nitawaita wagunaji.

Wanaguna nini hasa? Hapo inabidi turudi Prussia.

Mwaka wa 1812 mtu mmoja aitwaye Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya ajabu yenye droo na vipande vya kuunda milima, mito na vijiji, ili vita viweze kuchezwa juu yake. Mwanawe, ofisa wa mizinga, aliuboresha mchezo huo na kuuchapisha mwaka wa 1824. Uliitwa Kriegsspiel, yaani mchezo wa vita, basi. Badala ya meza ya kifalme alitumia ramani ya kipimo cha 1:8000. Kila zamu iliwakilisha dakika mbili. Hasara ziliamuliwa kwa dadu na majedwali. Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wa makao makuu, alipoonyeshwa mchezo huo alivutiwa kiasi cha kuupendekeza kwa jeshi zima. Kijana mwenyewe hakufaidi sana, kwa kuwa alijiua mwaka wa 1827.

Kitu kinachonivutia katika mchezo wa Reisswitz ni refa. Wachezaji hawakuona vikosi vya wenzao vilivyofichika. Waliandika amri kwenye karatasi na kumpa refa, naye ndiye aliyejua yote. Ndiye aliyemwambia huyu kwamba anaona vumbi nyuma ya kilima, na kumwambia yule kwamba tarishi wake hajarudi. Refa mzuri alikuwa mtu aliyewahi kwenda vitani. Mwaka wa 1876 ofisa mwingine, Verdy du Vernois, alikwenda mbali zaidi. Majedwali na dadu, alisema, vinachosha na vinachelewesha. Mwachieni refa mwenye tajriba aamue kwa busara yake. Tangu hapo pakawa na uhalisia wa aina mbili, mmoja unaotoka kwenye jedwali na mwingine unaotoka kinywani mwa aliyeshuhudia. Sisi wa fasihi tunaujua mvutano huo. Kuna msomaji atakayeitupa riwaya kwa sababu mwandishi amekosea nambari ya matatu ya Kawangware, na kuna mwingine asiyejali nambari mradi joto na msongamano wa ile matatu vimemfika mwilini.

H. G. Wells, mwandishi wa Uingereza, alichapisha kanuni zake za vita vya wanasesere mwaka wa 1913, mwaka mmoja kabla ya vita vyenyewe kuja. Lakini uraibu tunaouzungumzia ulianza kuwa biashara Marekani, pale Charles S. Roberts alipouza mchezo wake Tactics mwaka wa 1954 na baadaye kuanzisha kampuni ya Avalon Hill. Hapa refa alifukuzwa. Mahali pake pakakaa kijitabu cha kanuni, na wachezaji wawili wakawa wanaikagua kanuni pamoja, kidole juu ya mstari. Shida ikawa ni kumpata huyo wa pili. Jarida la kampuni hiyo, The General, lililoanza mwaka wa 1964, lilikuwa na ukurasa wa matangazo ya watu wanaotafuta wapinzani. Hebu fikiria hilo! Mtu anatangaza hadharani kwamba anatafuta adui, na anayejitokeza huishia kuwa rafiki wa miaka 20, wakitumiana hatua zao kwa posta.

Mwaka wa 1977 John Hill alitoa mchezo wa Squad Leader, na kwangu mimi huyu ndiye baba wa wagunaji wa kompyuta. Hill hakutaka kuhesabu kila risasi. Alidai kuwa la muhimu si silaha gani imefyatuliwa bali inawafanya nini watu walio upande wa pili: wanalala chini, wanakimbia, au wanasimama kwa sababu kiongozi wao amesimama. Miaka minane baadaye mchezo huo ulipanuliwa kwa jina la Advanced Squad Leader, ukaja na jalada la kanuni lenye unene wa kutisha, kana kwamba mashabiki wamejibu, "Sawa, lakini na risasi pia tuhesabu."

Kompyuta ilipoingia, kanuni zilitoweka machoni. Steel Panthers ya mwaka wa 1995 iligawa uwanja katika pembesita za yadi 50 na kupiga hesabu zote yenyewe. Close Combat ya mwaka uliofuata ilithubutu zaidi. Unamwamuru askari avuke barabara, naye hatoki, kwa sababu anaogopa. Nimewahi kumwona mchezaji mgeni akiipiga kipanya mezani akidhani kimeharibika. Hakuna kilichoharibika, yule mtu mdogo wa kwenye skrini alikuwa amekataa kufa.

Kwa hivyo refa alirudi, ila sasa amefichwa ndani ya kompyuta na hazungumzi. Anasema kifaru chako kimelipuka, hakuelezi kwa nini. Na hapa, nadhani, ndipo usuhuba wa watu hawa unapochipuka. Kwa kuwa refa ni bubu, wao wenyewe hulazimika kuwa jopo la waamuzi. Huandaa majaribio, mizinga ile ile ikifyatuliwa mara 100 kwa umbali ule ule, na kunakili matokeo. Hutafuta miongozo ya kijeshi ya zamani. Humuuliza aliyewahi kuwa mwanajeshi. Wagunaji wa Combat Mission waligundua kwamba askari mmoja akimwona adui, papo hapo jeshi zima linamjua adui alipo, kama kwamba wote wana ubongo mmoja. Wakaubatiza ugonjwa huo jina la Borg, viumbe wa Star Trek wanaofikiri kwa pamoja. Waliguna kwa miaka. Mwaka wa 2007 ulipotoka mchezo wa Shock Force, waundaji walikuwa wamejenga injini mpya ambamo kila kikosi hujua kile tu kilichokiona au kuambiwa. Reisswitz alikuwa amelitatua jambo hilo kwa karatasi na mtu mmoja mwenye akili mwaka wa 1824.

Sitaki kuwapaka mafuta. Uhalisia wao una upofu wake. Mtu atajua uzito wa kila kifaru kilichotumika Normandy, lakini muulize nani alibeba chakula. Sisi tulionunua viondo Kariokor, Nairobi, tunajua, au tungepaswa kujua, kwamba jina la soko lile limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Sijaona mchezo ambao mpagazi anaguna.

Nilimwambia mwenzangu hivyo, pengine kwa ukali kuliko ilivyostahili. Nilimwambia pia kwamba babu yangu alikuwa Keya, akapigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka wa 1944 hadi mto Chindwin. Nembo ya divisheni ile, kwa bahati tamu ya lugha, ilikuwa kichwa cha kifaru, kifaru mnyama. Nilitarajia anyamaze. Badala yake alimwandikia Mfini usiku ule ule, na kesho yake wakaniambia tuunde pambano hilo sisi watatu. Combat Mission haikuwa na Burma, lakini Steel Panthers ilikuwa imekarabatiwa na mashabiki na kugawiwa bure, tena ina kihariri cha kuundia mapambano. Mfini angekuwa Mjapani.

Tulikwama kwenye swali la kwanza. Kihariri kinakutaka utaje watu wanaweza kuona umbali wa pembesita ngapi. Mwenzangu alisema nne, yadi 200. Mfini alisema mbili. Wiki nzima ikaisha kwa milolongo ya barua, picha za angani na kumbukumbu za maofisa wa Kizungu. Mwishowe nilisema, "Si nimpigie mwenyewe?"

Nilipiga kwa simu ya ami yangu siku ambayo mzee aliteremka Machakos mjini. Baada ya salamu ndefu nikamuuliza, katika ule msitu wa Burma, mvua ikinyesha, mtu aliweza kuona umbali gani.

"Kuona?" akasema kwa Kikeya chake. "Hapana kuona kitu."

"Hata kidogo, babu?"

"Naona mgongo ya mtu ya mbele. Hiyo mgongo ikisimama, mimi nasimama."

Mgongo wa mtu wa mbele si pembesita moja, wala nusu yake. Kihariri hakishuki chini ya moja. Tukaweka moja. Mfini aliandika kwamba hakuna aliyewahi kucheza pambano lisiloonekana kitu, kisha akaongeza kwamba refa ameshaamua, na hatapinga. Tulianza. Vikosi vyetu vilitangatanga zamu nne bila risasi hata moja, kisha vikagongana ghafla, na katika zamu moja nikapoteza platuni nzima niliyokuwa nimeipa jina la kijiji chetu.

Mwezi uliofuata nilimweleza babu yale maswali yalikuwa ya nini. Sikuwa na hakika kama nifanye hivyo. Nilimwambia ni mchezo, kwamba kuna kijana wa Kimarekani na mtu wa Ufini, na kwamba tumeweka msitu, mvua na mto.

"Na ruba?" akauliza. "Ruba mmeweka?"

Nikamwambia kompyuta haina ruba.

Akaguna. Ilikuwa guno refu, nami nikasubiri simu ikatike.

"Huyo mtu ya mbali ndiyo Mjapani?" akauliza hatimaye.

"Ndiye, babu."

"Mwambie usiku hapana lala. Sisi nakuja usiku."

Niliufikisha ujumbe neno kwa neno, pamoja na tafsiri. Mfini alijibu baada ya siku mbili kwamba ameongeza walinzi.